Msiri wa Bunkeya: mfanyabiashara aliyekuwa mwami, na kesi moja iliyomwangusha

Kila mwaka, tarehe 20 mwezi wa 12, Wayeke wanakusanyika Bunkeya, katika teritware ya Lubudi, kumkumbuka mwami wao wa kwanza. Watu wanatoka Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na mafasi mengine ya mbali. Mwami huyo aliuawa kwa risasi siku hiyo hiyo mwaka 1891, na aliyempiga alikuwa ofisa wa Kibeleji aliyetumwa kumkamata. Wayeke wanamwita Mwenda Msiri Ngelengwa Shitambi. Watu aliowakuta katika nchi hii walimwita pia Mushidi. Katika vitabu vya shule amebaki Msiri tu.

Kasulo na kartie nyingine za Kolwezi, jina lake linajulikana kuliko kazi yake. Wengine wanamtaja kama shujaa aliyekataa bendera ya wazungu. Wengine, zaidi katika familia za Wasanga, walisikia kwa wazee kwamba alikuwa mtu wa kuogopwa, aliyeuza watu na kukata vichwa. Habari zote mbili ni za kweli. Katika mafunzo ya uongozi yanayofanywa kwa wakubwa wa kooperative, kwa maprefe wa masomo na kwa mashefu wa kartie, mara nyingi mifano inatoka mbali: tajiri wa Marekani, jenerali wa Ulaya. Lualaba iko na mfano wake, tena mgumu, sababu mtu huyu alijua kuongoza kuliko wengi wa wakati wake, na bado yote aliyoyajenga yalivunjika ndani ya majuma machache.

Alizaliwa karibu na mwaka 1830, katika nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi, upande wa Tabora katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Alitembea kwa miguu na wapagazi wake kutoka kule mpaka huku, akivuka Luapula, akanunua shaba na kurudi nayo kwao. Safari ya namna ile ilichukua miezi mingi. Mtu hakuweza kuifanya kwa nguvu peke yake. Ilibidi kila shefu wa njiani akubali apite, na Kalasa alipata ruhusa hiyo kwa zawadi, kwa maneno mazuri na kwa kufanya undugu wa damu na mashefu. Mtoto alikua ndani ya biashara hiyo. Kabla ya kushika bunduki alijifunza kusalimia, kungoja na kukumbuka nani ni ndugu wa nani.

Ile wakati shaba ya nchi hii ilikuwa tayari na historia ndefu. Wachimbaji walitoa mawe ya kijani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakayeyusha ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitembea mbali sana na ilitumika kama feza. Wenye udongo walikuwa mashefu kama Katanga, ambaye jina lake likawa baadaye jina la jimbo zima, na Mpande wa Wasanga. Juu yao kulikuwa na wakubwa wa mbali waliotaka kodi: Mwata Kazembe wa Luapula upande wa mashariki, Waluba upande wa kaskazini.

Karibu na mwaka 1856 Ngelengwa alikuja kukaa. Hakurudi tena Tabora kama baba yake. Alifika na watu wachache na bunduki chache, akaomba fasi kwa shefu Katanga. Namna alivyopata nguvu inafaa kuangaliwa polepole, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo viongozi wa leo wangeweza kuisoma mara mbili.

Kwanza alitoa kitu ambacho watu walikuwa na lazima nacho. Masimulizi ya Wayeke yanasema watu wake walijua kuchanja watu juu ya ndui, ugonjwa uliokuwa unamaliza vijiji, na kwamba kazi hiyo iliwafungulia milango. Kisha aliwasaidia Wasanga kupambana na Waluba waliokuja kutafuta kodi na watumwa. Bunduki zake hazikuwa nyingi, lakini huku hazikuwa zimezoeleka, na mlio wake peke yake ulitosha kukimbiza watu. Mashefu waliomwona kama mgeni mwenye faida wakaanza kumpelekea kesi zao. Mtu anayeamua kesi anakuwa mkubwa hata kama hakuna aliyemtawaza. Pole pole wenye nchi wakajikuta wanaomba ruhusa kwa mgeni waliyempa fasi ya kulala.

Mashefu wakubwa walipokufa, yeye ndiye aliyesimama kati ya warithi. Aliyemkubali alipata bunduki na binti wa kuoa. Aliyemkataa alipigwa vita. Wakusanya kodi wa Kazembe walifukuzwa. Katika miaka ya 1860 na kuendelea, kati ya mto Luapula na mto Lualaba hapakuwa na mkubwa mwingine wa kulingana naye. Akajiita mwami, na nchi yake ikajulikana kama Garanganze. Watu wake waliitwa Wayeke, jina lililotokana na wawindaji wa tembo wa kwao.

Tena, Msiri hakuwa mchimbaji. Hakuna anayesimulia kwamba alishika jembe ndani ya shimo. Alishika njia. Aliona kwamba nchi hii iko katikati ya bahari mbili, akafungua mlango upande zote mbili. Mashariki misafara ilikwenda Tabora na pwani ya Bagamoyo na Zanzibar. Magharibi wafanyabiashara wa Ovimbundu walikuja kutoka Bihé, nyuma ya Benguela katika Angola. Wa mashariki walileta nguo na shanga, wa magharibi walileta bunduki na baruti nyingi. Walirudi na pembe za tembo, shaba, chumvi na watumwa. Pembe zote zilikuwa mali ya mwami kwanza. Yeye ndiye aliyegawa. Mafundi wa Kiyeke walijua pia kuvuta shaba kuwa waya mwembamba, kazi ambayo hapa haikujulikana vizuri zamani, na waya huo wa kutengeneza bangili ulilipa kuliko msalaba mbichi.

Wakaaji wa Kasulo hawana haja ya kuelezwa tofauti kati ya anayechimba na anayeshika njia. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba, watu walichimba ndani ya lupango zao wenyewe, vyumbani na jikoni, mpaka kartie ikatobolewa kila upande. Lakini bei haikuamuliwa ndani ya shimo. Iliamuliwa kwenye depo, mbele ya mizani na mashine ya kupima asilimia, na mwenye mizani hakuwa amebeba hata gunia moja. Mwaka 2017 wakaaji wa sehemu moja waliondolewa, nyumba zikabomolewa, ukuta ukajengwa, na mineré yote ikapita kwa mnunuzi mmoja. Msiri angeielewa mpango huo bila kutafsiriwa.

Bunkeya, musumba wake, ilikuwa uwandani, si mbali na mto Lufira, kaskazini ya Likasi ya leo. Haikuwa mji wenye ukuta mmoja. Ilikuwa vijiji vingi vilivyosambaa kwenye uwanda, kila kimoja na mkubwa wake, na katikati yao boma la mwami. Wasafiri waliofika katika miaka ya 1880 waliikuta na watu wa kila kabila: Wasanga, Walamba, Waluba, Walunda, Wasumbwa, Waovimbundu, waswahili wa pwani. Kuongoza mchanganyiko kama ule si mchezo. Msiri aliufunga kwa ndoa. Alioa wake wengi sana, mabinti wa mashefu na wa wafanyabiashara, na kila mke alikuwa kamba kati ya boma na nyumba ya baba yake. Mmoja wao, Maria da Fonseca, alitoka Angola, mwenye damu ya Kireno, na kwa njia yake mlango wa magharibi ulibaki wazi. Wake wengine waliangalia vijiji na kumletea habari. Mwami alijua nani ananung'unika kabla huyo mtu hajamaliza kunung'unika.

Lakini kwenye miti ya boma lake kulikuwa na vichwa vya watu. Wageni wote walioandika juu ya Bunkeya walivitaja. Adui aliyeshindwa, mshitakiwa wa uchawi, mtu aliyeshukiwa kusaliti, kichwa chake kilipandishwa pale ili wengine waone. Wengine walikatwa mikono au masikio. Watumwa waliotoka katika vita vyake walifungwa pamoja wakapelekwa Bihé, na wengi hawakufika. Hayo hayawezi kuwekwa pembeni ili hadithi ya mjenzi wa nchi ipendeze. Familia nyingi za jimbo hili ziko na mtu aliyepotea katika misafara ile.

Tarehe 14 Februari 1886 alifika Bunkeya mmisionari wa Uskoti, Frederick Stanley Arnot. Alikuwa ametoka upande wa Angola, kijana, maskini, bila askari. Mwami hakumpokea mara moja. Alimwacha angoje huku waganga wake wakimpima kama amekuja na mabaya. Baada ya kumkubali alimshika karibu, hakutaka aende mbali. Arnot alianza kukusanya watoto walioachwa au waliokombolewa utumwani, akakaa nao na kuwafundisha. Mwisho wa mwaka 1887 wakaja wengine wawili, Charles Swan na William Faulknor, na mwaka 1890 akafuata Dan Crawford. Msiri hakuonyesha haja kubwa na dini yao. Alichokitaka ni macho yanayosoma. Alijua kwamba wazungu wengine wako njiani na makaratasi, na yeye hakujua kusoma hata moja.

Jambo hilo lilimsaidia haraka. Mwezi wa 11 mwaka 1890 alifika Alfred Sharpe, Mwingereza aliyetumwa kwa ajili ya kampuni ya Cecil Rhodes. Alileta mkataba wa kuitia nchi chini ya Uingereza na kuipa kampuni haki ya madini. Kwa mashefu wengine wa Afrika mikataba ya namna hiyo ilitiwa alama ya msalaba bila mtu kujua kilichoandikwa. Arnot alikuwa amemwonya mwami asikubali karatasi yoyote kabla ya kusomewa yote. Swan akamweleza yaliyomo. Msiri akakasirika, akakataa. Sharpe akarudi mikono mitupu. Katika nchi ambayo mpaka leo watu wanatia sahihi ya kuhama kwenye lupango yao juu ya karatasi ya Kifaransa ambayo hawakuielewa, tendo hili moja linatosha kumweka Msiri kati ya viongozi wenye akili.

Tena alikuwa amechelewa. Ndani ya nyumba yake moto ulikuwa umeshawaka.

Masimulizi ya eneo hili yanauita vita ya Masengo, kwa jina la mwanamke wa Kisanga aliyeuawa na mtu wa upande wa mwami. Wasanga walikuja na kesi kama desturi ilivyotaka: damu imemwagika, aliyeua ajulikane, ndugu wa marehemu walipwe kwa namna wanayoikubali. Hii ilikuwa kesi ya kawaida. Msiri aliamua kesi kama hizo miaka yote. Ndizo zilizomfanya mkubwa. Lakini safari hii mkosaji alikuwa wa kwake, na Wasanga waliona kwamba mwami amefunika mtu wake.

Kwa nini mtu aliyejua kusikiliza aliacha kusikiliza? Alikuwa amezeeka, karibu na miaka 60. Wale wa kwanza waliokuja naye kutoka Tabora, walioweza kumwambia kwamba amekosea, wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki karibu naye walikuwa wamelelewa chini ya miti yenye vichwa. Walijua kumletea habari za wengine, si kumletea habari zake yeye mwenyewe. Labda pia alifikiri Wasanga hawana uwezo wa kufanya kitu, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 20 hawakufanya kitu.

Walifanya. Kufikia mwaka 1891 Wasanga walikuwa wanachoma vijiji, wanavamia misafara na kufunga njia. Mtu aliyeishi kwa kushika njia sasa alizuiwa njia na wenye nchi. Baruti ikapungua. Mashamba yakaachwa, njaa ikaingia Bunkeya, watu wakaanza kuhama usiku, kijiji baada ya kijiji.

Katika hali hiyo ndipo walipokuja watu wa Mfalme Leopold II wa Ubeleji. Mwezi wa 4 mwaka 1891 alifika Paul Le Marinel, akitokea kaskazini-magharibi. Msiri alimpokea vizuri, akakubali wazungu wachache wakae karibu na mto Lofoi, lakini bendera hakuipokea. Mwezi wa 10 alipita Alexandre Delcommune. Bendera ikakataliwa tena. Wa tatu alikuwa William Grant Stairs, mwanajeshi mzaliwa wa Canada, aliyeajiriwa na Compagnie du Katanga. Stairs alitoka pwani ya mashariki na watu zaidi ya 300, wengi wao Wazanzibari, na akapita Tabora. Ni njia ile ile ambayo Kalasa na mtoto wake walipitia na mizigo ya shaba.

Alifika Bunkeya tarehe 14 mwezi wa 12. Walipoonana, Msiri alilalamika juu ya Wasanga na kutaka baruti. Alikuwa bado anafanya biashara: nipe kile nisichokuwa nacho, tutaongea mengine. Kwa wageni wengi maarifa hayo yalifaa. Kwa Stairs hayakufaa, sababu Stairs hakuja kununua kitu. Tarehe 19 akapandisha bendera ya buluu yenye nyota juu ya kilima bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku ule mwami akahamia Munema, kijiji chenye ngome nje ya mji.

Kesho yake Stairs akatuma askari karibu 100 pamoja na maofisa wawili, Omer Bodson na Christian de Bonchamps, wamlete. Bodson akaingia ndani ya Munema na watu wachache tu, akamkuta Msiri kati ya walinzi wake. Maneno yakawa makali, Bodson akatoa bastola, akampiga mwami. Masuka, aliyekuwa mtoto katika nyumba ya mwami, akampiga Bodson risasi, naye akafa usiku huo huo. Wayeke wanasimulia kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kubebwa na watu wa Stairs, na swali la kiko wapi halijafungwa mpaka leo.

Kilichofuata kinashangaza zaidi ya kifo chenyewe. Mji uliokuwa na bunduki nyingi kuliko msafara wa Stairs haukupigana. Vijiji vilivyobaki vilitawanyika kwenye pori. Mashefu waliofungwa kwa ndoa na kwa hofu walirudi makwao. Mabinti walikuwa kamba, lakini mkono uliozishika kamba zote ulikuwa mmoja, na mwami hakumfundisha mwingine kuzishika. Siku chache baadaye Mukanda Bantu, mmoja wa watoto wake, alikubaliwa na Stairs kuwa mkubwa wa Wayeke, juu ya kipande kidogo cha nchi, na mashefu wa Kisanga wakarudishiwa udongo wao kwenye karatasi. Wasanga hawakutoka chini ya mkubwa yule ili wapate uhuru. Waliingia chini ya Serikali ya Leopold, na kwa miaka iliyofuata askari wa Serikali pamoja na Wayeke wa Mukanda Bantu waliwapiga vita Wasanga walewale.

Washindi pia hawakula vizuri. Njaa na magonjwa yaliua watu wengi katika kambi ya Stairs kwenye mvua za mwanzo wa 1892, na Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria mwezi wa 6 mwaka huo, huko Chinde katika Msumbiji, akiwa njiani kurudi kwao.

Ukoo wa Msiri haukupotea. Wayeke waliotawanyika walirudi baadaye Bunkeya, na kiti cha mwami kiko pale mpaka leo. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati wa Tshombe, alitoka katika nyumba hiyo na akakalia kiti hicho kabla ya kufa kwake mwaka 1992. Mukanda Bantu alitawala mpaka 1910, akiwa rafiki wa Serikali na mtu wa kutii. Mwaka uliofuata tanuru ya kwanza ya Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi.